Nzi wa Maembe Katoka Wapi? Jinsi Vinasaba Vinavyofuatilia Njia ya Mdudu Mgeni



Msimu uliopita nilikuwa na kikao na wakulima wa maembe huku kwetu Pwani, chini ya mwembe kama kawaida. Nilikwenda na mitego yangu na maneno yangu ya kila mwaka: okota maembe yaliyoanguka, usiyaache yaoze chini, tega mapema. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Bwana shamba," akasema, "zamani tulikuwa tunakula dodo hata gizani bila wasiwasi. Siku hizi mpaka ulipasue kwanza ulikague. Huyu nzi katoka wapi, na nani katuletea?"

Kikao kikachangamka. Mmoja akasema kaja na miche ya kisasa. Mwingine akasema kaja na matunda ya kwenye supamaketi. Kijana mmoja akaapa kwamba kampuni za dawa zinafuga wadudu maabara na kuwaachia ili ziuze dawa. Mimi nikajibu neno moja tu, "Asia", nikaendelea na mitego yangu. Jioni nikiwa njiani kurudi na pikipiki nikaona sikumtendea haki mzee wangu. Alichouliza ndicho wanachouliza wataalamu wakubwa, na wametumia miaka mingi kutafuta jibu. Kwa hiyo leo sitaandika kuhusu dozi wala nafasi za kupandia. Namjibu mzee, na wewe usikilize.

Kwanza muhogo

Nianze mbali kidogo na nzi, kwa sababu kwenye muhogo ndipo utaona hasara ya kutojua mdudu katoka wapi.

Mwaka 1973 kidung'ata cha muhogo kilionekana karibu na Kinshasa na Brazzaville. Wengi mnakijua: unga mweupe kwenye ncha, majani yanajikunja na kusongamana kama kabichi, shina linakuwa fupi fupi lenye vifundo. Kilisafiri kwa pingili za kupandia na kwa upepo, na miaka iliyofuata kikatapakaa sehemu kubwa ya Afrika inayolima muhogo, mpaka na huku kwetu. Dawa za kupulizia hazikuwa jibu kwa mkulima mwenye robo ekari.

Wataalamu walikuwa na wazo zuri. Muhogo wenyewe ni mgeni Afrika, uliletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini karne nyingi zilizopita. Basi kidung'ata nacho lazima kimetoka huko, na huko lazima kuna mdudu anayekila. Mfuateni nyumbani, mleteni adui yake. Lakini Amerika ya Kusini si kata wala tarafa. Wakaanza kutafuta upande wa kaskazini wa bara lile, wakakuta kidung'ata kwenye muhogo kinachofanana sana na cha Afrika, wakakusanya maadui zake, wakawaleta kwenye majaribio. Wale maadui wakakikataa kidung'ata chetu. Baadaye ikajulikana kwamba vilikuwa vidung'ata viwili tofauti. Cha kule kina madume na majike, cha kwetu ni majike watupu wanaozaa bila dume.

Cha kwetu kilipatikana mwaka 1981, nchini Paraguay, mbali kabisa kusini. Hapo ndipo palipopatikana nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi, anayetaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Alipitishwa karantini Uingereza, akapelekwa IITA Ibadan, Nigeria, na mwisho wa mwaka huohuo akaachiwa shambani. Yaliyofuata yanafundishwa vyuoni mpaka leo. Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mimi nilipokuwa chuoni tulisimuliwa habari hii kama hadithi ya ushindi, na kweli ni ushindi. Ila hesabu tena: kuanzia 1973 mpaka 1981 ni miaka 8, na sehemu ya miaka hiyo iliishia kwenye njia isiyo sahihi kwa sababu wadudu wawili walifanana machoni.

Wenye umri wangu mnakumbuka pia dumuzi, yule anayegeuza gunguli la mahindi kuwa unga kabla hujafika mashineni. Alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wakulima walimpa jina la Scania, kama lile lori. Ghala lilipoliwa hakuna aliyehitaji maabara kumwambia kwamba mzigo wa mahindi ulisafiri na abiria. Mwaka 1984 dumuzi akaonekana Togo, upande wa pili wa bara, na wataalamu wakaona huo ni mlango wa pili, hakutembea kutoka Tabora. Mnaona jinsi zamani tulivyofuatilia: tarehe, ramani, na kukisia.

Kipimo cha DNA, lakini cha mdudu

Wengi wetu tukisikia DNA tunakumbuka kesi za mtoto. Baba anakana, mama anashikilia, sampuli zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kumfuatilia mdudu ni kazi ya ukoo huohuo.

Ndani ya seli za kila kiumbe kuna maandishi, na yameandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Hayo ndiyo vinasaba. Mzazi anapomrithisha mtoto, maandishi yananakiliwa, na mara chache mno herufi moja inakosewa. Kosa hilo mara nyingi halimdhuru mdudu, ila likishaingia linabaki kwenye uzao wake. Wadudu wawili wenye kosa lilelile mahali palepale kuna uwezekano mkubwa kuwa ni ndugu. Alama za vinasaba ni makosa hayo ambayo wataalamu wameyachagua ili wayasome, kama unavyomtambua ng'ombe wako kwa chapa hata akichanganyika na wa jirani.

Alama zinazotumika sana ni za aina mbili. Ya kwanza iko kwenye mitokondria, sehemu ya seli ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake. Waluguru wataelewa haraka, maana ukoo wao unapitia kwa mama. Kuna kipande kimoja cha hapo kiitwacho COI, cha herufi kama 650, ambacho kimesomwa kwa wadudu wengi sana duniani, kwa hiyo ukikisoma kwa mdudu wako una pa kulinganishia. Ya pili ni mikrosatelaiti, yaani sehemu ambapo herufi mbili tatu zinajirudia rudia, CACACACA, kama mtu mwenye kigugumizi. Mmoja ana marudio 12, mwingine 15. Hizi zinarithiwa kwa baba na kwa mama, na zinabadilika haraka kuliko COI, kwa hiyo zinaweza kutofautisha hata watu wa kijiji kimoja na wa kijiji cha pili.

Sasa njia inafuatiliwaje? Chukua gunia la maharage mchanganyiko: mekundu, meupe, ya njano, ya kijivu, yenye madoa. Chota kiganja kimoja, kapande mbali. Baada ya misimu kumi, shamba la mbali litakuwa limejaa maharage, lakini ya rangi chache, na kila rangi iliyoko huko utaikuta pia kwenye gunia. Kwa hiyo ukiona mdudu ana rangi nyingi sehemu fulani na rangi chache kwingine, unajua wapi ni nyumbani na wapi ni ugenini. Na ukikuta ugenini kuna rangi nyingi kuliko ulivyotegemea, basi hakikuwa kiganja kimoja. Walichota debe, au walichota mara nyingi. Likumbuke gunia hili, tutalirudia.

Nzi aliyepewa jina mara mbili

Afrika ilikuwa na nzi wake wa matunda tangu zamani. Wa kwenye maembe alikuwa Ceratitis cosyra, na hasara yake tuliizoea. Mwaka 2003 mitego ya watafiti wa icipe, kile kituo cha wadudu cha Nairobi, ilinasa nzi asiyejulikana kwenye pwani ya Kenya. Mwaka huohuo akaonekana na Tanzania. Alikuwa wa kundi la Bactrocera, ambalo wengi wao ni wa Asia na visiwa vya Pasifiki: anafanana na nyigu, ana mistari miwili ya njano mgongoni na alama kama herufi T kwenye tumbo.

Alimkaribia sana nzi wa matunda wa mashariki, Bactrocera dorsalis, mdudu aliyeelezwa kitaalamu tangu 1912 kutoka kisiwa cha Taiwan. Tatizo lilikuwa mgongo. Huyu wa Afrika, mmoja alikuwa mweusi, mwingine kahawia iliyoelekea wekundu, mwingine katikati. Walipolinganisha na sampuli za makumbusho na za Sri Lanka, wa Sri Lanka wakafanana naye. Mwaka 2005 wataalamu watatu, Drew, Tsuruta na White, wakamtangaza kuwa aina mpya kabisa na kumwita Bactrocera invadens. Neno hilo la pili lina maana ya mvamizi. Jina lilimfaa, kwani ndani ya miaka michache alikuwa ameenea Afrika ya kitropiki kutoka bahari hii mpaka ile, na sehemu nyingi alimsukuma pembeni yule Ceratitis wa kwetu.

Unaweza kusema, bwana shamba, jina lina kazi gani? Funza ni funza. Subiri.

Nchi inayonunua matunda inataka uhakika kwamba yai la nzi lililomo ndani ya embe limekufa kabla embe halijapanda ndege. Uhakika huo unatokana na majaribio: joto la kiasi gani, kwa dakika ngapi, au ubaridi wa siku ngapi. Majaribio hayo yanafanywa kwa kila aina ya mdudu peke yake. Kwa dorsalis kulikuwa na kazi ya miongo mingi, kutoka Hawaii, Japani na kwingineko. Kwa invadens, mdudu wa juzi, hakukuwa na kitu. Ukimwambia mnunuzi "nina mdudu mpya asiyejulikana", anafunga mlango. Milango mingi ilifungwa, na mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe yake Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Mkulima aliyepanda Apple na Kent kwa ajili ya soko la nje akabaki anauza kando ya barabara kwa bei ya hasara.

Hapo ndipo vinasaba vilipoingia kazini, na vilikuwa na maswali mawili.

Swali la kwanza ni lile la mzee: alikujaje? Mwaka 2009 Fathiya Khamis wa icipe na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwa mikrosatelaiti, wakilinganisha nzi wa nchi mbalimbali za Afrika na wa Sri Lanka. Rudi kwenye gunia letu la maharage. Kama embe moja lenye funza lilitupwa bandarini na kizazi chote cha Afrika kikatoka hapo, nzi wetu wangekuwa na rangi chache mno. Sivyo walivyokuta. Nzi wa Afrika walikuwa na rangi nyingi, na hawakuwa na dalili ya kupita kwenye tundu la sindano. Tena, nzi wa nchi moja hawakutofautiana sana na wa nchi nyingine, jambo linaloendana na mdudu aliyeongezeka na kusambaa haraka mno, kabla koo za mahali mahali hazijapata muda wa kujitenga. Kazi za baadaye zimezidi kuelekeza kidole Asia ya Kusini.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: je, kweli ni aina mpya? Kipande cha COI kilipopangwa pamoja na vya nzi wa Asia, invadens hakukaa tawi lake mwenyewe. Alichanganyika ndani ya dorsalis kama mpwa aliyerudi kwa wajomba. Lakini kipande kimoja cha vinasaba peke yake hakitoshi kufuta jina, na hapa nawasifu wale watafiti. FAO na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki waliandaa mpango wa pamoja wa nchi nyingi.

Usishangae watu wa atomiki kujali nzi. Wao ndio wanaotumia mionzi kuhasi madume ya wadudu na kuyaachia yapoteze muda wa majike. Ndivyo mbung'o alivyomalizwa Unguja mwaka 1997, kwa madume yaliyofugwa Tanga. Njia hiyo haifanyi kazi kama hujui jike gani atamkubali dume gani. Basi wakapima umbo la mabawa na viungo vya uzazi, wakapima harufu ambayo dume huitoa jioni akiita majike, na wakaweka nzi wa Kenya na wa Asia kwenye kizimba kimoja. Wakapandana kama kawaida na watoto wakazaa.

Mwaka 2015 jina invadens likafutwa rasmi. Nzi wetu ni dorsalis, yuleyule wa 1912, aliyevaa shati la rangi nyingine. Pamoja naye zikafutwa aina mbili za Asia zilizokuwa zimetenganishwa kwa tofauti ndogo ndogo, huku moja ya jamii hiyo, carambolae, ikibaki peke yake. Si wote waliokubali. Kuna wataalamu wa kuainisha wadudu waliopinga kwa maandishi, nao si wajinga, maana wameshika nzi hao mikononi maisha yao yote. Mimi binafsi naona ushahidi wa kupandana una uzito kuliko rangi ya mgongo, lakini mimi ni bwana shamba.

Faida kwako ni nini? Jina lilipounganishwa, kazi yote ya Hawaii na Japani ikawa ya kwetu pia. Kile kivutio tunachoweka kwenye mitego, methili yujenoli, ndicho kilichotumika miaka ya 1960 kumaliza nzi huyu kwenye kisiwa cha Rota huko Pasifiki: madume yakavutwa na kuuawa mpaka majike wakakosa wenza. Usitegemee hilo shambani kwako, Rota ni kisiwa kidogo na shamba lako limezungukwa na maembe ya watu wengine. Lakini unajua unachotundika si kitu cha kubahatisha.

Na adui yake? Hawaii ilivamiwa na dorsalis katikati ya miaka ya 1940. Walitafuta maadui Asia, na aliyefanya kazi kuliko wote ni nyigu Fopius arisanus, anayelitafuta yai la nzi ndani ya ganda la tunda na kutaga la kwake ndani ya yai hilo. Mwaka 2006 icipe ilimleta nyigu huyo kutoka Hawaii, akafugwa na baadaye kuachiwa mashambani. Angalia tarehe vizuri. Mwaka 2006 kitabuni bado alikuwa mdudu mpya. Lakini undugu wake na dorsalis ulikuwa unaonekana, na watu walithubutu kufuata ukoo badala ya jina. Wangeng'ang'ania kwamba huyu ni mgeni asiye na ndugu, wangeanza safari ileile ya kidung'ata cha muhogo.

Kiwavijeshi na mizigo aliyokuja nayo

Kwa viwavijeshi vamizi nitakwenda haraka, nilishaandika mengi huko nyuma. Waliripotiwa Afrika Magharibi na Kati mwaka 2016, na mwaka 2017 tulikuwa nao Rukwa na majirani zetu walikuwa nao magharibi mwa Kenya. Mwaka 2018 wakafika India. Kwao ni Amerika, na huko wako wa aina mbili wanaofanana kwa macho: mmoja hupenda mahindi, mwingine mpunga na nyasi. Wa Afrika walipopimwa, mambo yakachekesha. Ukimsoma COI, upande wa mama, wengi wanasema "mimi wa mpunga". Ukimsoma alama nyingine iliyoko kwenye kromosomu ya jinsia, yuleyule anasema "mimi wa mahindi". Ni uzao wa mchanganyiko. Shambani hilo halina siri, umeona mwenyewe anachokula.

Huko Marekani wanafahamu kwamba viwavi wa Florida na wa Texas wana uwiano tofauti wa alama fulani za COI, na wametumia uwiano huo kujua nondo wanaoruka kaskazini kila mwaka wametoka upande upi. Sampuli za Afrika zilifanana na za Florida na visiwa vya Karibi. Kwa muda tukaamini hadithi nyepesi: waliingia mara moja magharibi, wakaruka mashariki, wakavuka bahari. Mwaka 2022 kikundi kingine kilichosoma maandishi yote ya vinasaba, si kipande kimoja, kikaonyesha kwamba mdudu huyu aliingia ulimwengu wa kale zaidi ya mara moja na kwa njia zaidi ya moja.

Jambo ninalotaka ulishike hapa ni mizigo. Kwenye viwavi hawa wa Afrika wamekuta mabadiliko ya jeni iitwayo ace-1, yanayompa mdudu uwezo wa kuvumilia baadhi ya viuatilifu vya kundi la organofosfeti na kabameti, makundi ya zamani na ya bei rahisi. Mabadiliko hayo yanajulikana huko kwao Amerika, ambako alipuliziwa dawa miaka mingi kabla ya wewe kumwona. Kwa hiyo ulipopuliza mwaka ule ukaona viwavi wanakutazama tu, huenda dawa haikuwa feki wala hukukosea dozi. Mdudu alifika na kinga yake mfukoni. Ndiyo maana nakusumbua kila mara usome kwenye lebo dawa ni ya kundi gani, na usirudie kundi moja msimu mzima.

Jibu la mzee

Sasa mzee wangu, nani katuletea?

Vinasaba havitaji jina la mtu, wala meli, wala siku. Vinasema huyu ni ndugu wa wale, kwa ukaribu wa kiasi hiki. Tena vinalinganisha na sampuli zilizopo tu. Kama nyumbani kwake halisi hakuna aliyekusanya, vitakuonyesha ndugu wa karibu aliyepimwa, na wewe utadhani umefika. Ndivyo Sri Lanka ilivyopata umaarufu mwanzoni: nzi wa pale walikuwa wamekusanywa. Anayekwambia kwamba maabara imethibitisha mdudu kaletwa na fulani, muulize maswali mawili matatu.

Lakini kwa lile la kijana, kwamba alifugwa na kuachiwa, naweza kusema kitu. Wadudu wanaofugwa maabara kizazi baada ya kizazi hupoteza rangi, kama maharage ya kiganja kimoja. Nzi wetu wana rangi nyingi. Picha hiyo inafanana zaidi na matunda mengi, safari nyingi, mizigo mingi midogo ambayo hakuna aliyeikagua: tenga, kikapu, begi la abiria aliyembebea mama yake maembe. Pengine wewe na mimi tumo humo. Mimi mwenyewe nimevusha maembe kutoka mkoa hadi mkoa bila kuyapasua, na ni afisa ugani.

Na hapa ndipo unapoweza kusaidia, kwa sababu mdudu mgeni wa kesho ataonwa kwanza na mkulima. Ukikuta mdudu au funza usiyemfahamu, usimponde, wala usiishie kumpiga picha. Mtie kwenye kichupa chenye spiriti kali, ile ya kusafishia vidonda inafaa kama huna nyingine. Usitumie fomalini, inaharibu vinasaba. Wakiwa kumi ni bora kuliko mmoja, na ukipata kutoka miti tofauti ni bora zaidi. Andika kwenye kipande cha karatasi zao, kijiji na tarehe, kwa penseli, maana wino wa kalamu utayeyuka, kisha ukitie humohumo ndani ya kichupa. Weka kivulini. Mletee afisa ugani wako, naye anajua njia ya kumfikisha kwa watu wa afya ya mimea. Mguu mmoja tu wa nzi unatosha kusoma ukoo wake.

Kwa nzi tuliye naye tayari, kazi ni ileile. Maembe yaliyoanguka yaokote kila siku mbili, yafukie kina cha nusu mita au zaidi, au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uache juani mpaka funza wafe. Kama kikundi chenu kina uwezo, tengenezeni kihema cha wavu mwembamba: matunda mabovu yanaingia humo, nzi wakianguliwa wanakwama ndani, na matundu yakiwa ya kipimo sahihi yule nyigu mdogo anapenya kwenda kufanya kazi yake. Vipimo vya wavu ninavyo ofisini.

Mitego itundikwe embe likiwa bado kama yai la kuku, usingoje liive. Ukija kuchukua kivutio njoo na chupa yako tupu ya maji ya lita moja na nusu, nitakuonyesha pa kutoboa. Nitapita pia kwa mzee wetu wiki ijayo na simu yangu nimsomee makala hii, kwa sababu najua ana swali la pili.